TAHADHARI: Kingamwili feki za FOXP3 zinauzwa mtandaoni

Wenzangu wa maabara, hasa mnaofanya kazi na seli T dhibiti (zile zinazotuliza kinga ya mwili), kuweni macho. Kuna muuzaji anayejiita wakala wa vitendanishi vya kinga, anauza kingamwili ya kupimia FOXP3 ya binadamu, protini inayotambulisha seli hizo, aina (kloni) ya 236A/E7, kwa bei ya kutupa. Tumenunua kwake na tumeibiwa.

FOXP3 hukaa ndani ya kiini cha seli. Usipoziimarisha seli kwa kemikali (fixation) na kutoboa utando wake hadi wa kiini, kingamwili haina njia ya kuifikia. Hii yake iliwaka hata kwenye seli hai ambazo hatukuzitoboa! Seli B, ambazo kwa kawaida hazina FOXP3, nazo ziliwaka. Kwa damu ya mtu mzima mwenye afya unatarajia liwake kundi dogo tu la seli T za CD4, zile zenye alama ya CD25 nyingi na ya CD127 kidogo juu yake. Sisi tuliona kwenye grafu ya mashine karibu kila seli imesogea kulia, yaani imewaka. Kwenye blot, kipimo kinachotenganisha protini kwa uzito, pale karibu na kilodaltoni 47 inapotarajiwa FOXP3 hapakuwa na kitu, ila mistari kibao kwingineko.

Ndipo tukakikagua kichupa chenyewe. Lebo imebandikwa juu ya lebo nyingine, na ukiikwangua pembeni unaona maandishi ya bidhaa tofauti kabisa. Namba ya bechi haipo kwa mtengenezaji. Halafu itazameni karatasi ya maelezo: grafu imeandikwa FJK-16s, kloni inayotambua FOXP3 ya panya. Picha ya wizi. Tulipolalamika alijibu kwamba mashine yetu ni mbovu, tuongeze dozi. Kisha akatufungia.

Kinachoniuma zaidi ni sampuli. Wako watoto wenye IPEX, ugonjwa wa hitilafu ya jeni ya FOXP3, ambao baadhi yao protini hii hawana kabisa. Kingamwili inayowasha chochote itaonyesha kwamba mtoto anayo, na daktari atageukia kwingine huku mtoto akizidi kuumia. Damu ya mgonjwa kabla ya matibabu nayo ikishateketea kwenye kipimo kibovu, hairudi.

Kabla ya kulipa, omba cheti cha bechi na umuulize mtengenezaji mwenyewe kama anamtambua huyo wakala. Kichupa kikifika, usiguse sampuli za wagonjwa kwanza. Pima seli zisizotobolewa, pima seli B, na ukiweza kupata seli zilizoondolewa jeni ya FOXP3, hizo ndizo shahidi bora.

Mliokwisha kununua, msitupe kichupa wala kubandua lebo yote. Pigeni picha, tunzeni mazungumzo na risiti, mripoti kwa mtengenezaji na kwa kampuni ya malipo mapema, maana muda wa kudai fedha huwa na mwisho.

Sasa amefungua duka jipya kwa jina jingine. Picha ya kichupa ni ileile, na ameongeza kloni nyingine za FOXP3 ya binadamu, PCH101 na 259D.