Lezi ya mtumba kwa bajeti ndogo: uzoefu wangu baada ya mwaka mmoja

Kati ya lezi (mashine za kukereza vyuma) zote nilizoenda kuangalia hii niliyonunua ndo ilikuwa mbaya kuliko zote kwa sura, grisi imekauka kila kona, rangi imebanduka, handeli moja imekatika. Na ndo hiyo hiyo leo inakereza shafti ya urefu wa sentimita 15 na ukipima na maikromita mwanzo na mwisho tofauti haifiki 0.02 mm. Nimeridhika nayo sana.

Ila ilibaki kidogo nisiipate. Kabla yake nilipenda nyingine, imepigwa rangi mpya ya kijani inang'aa, muuzaji akaiwasha ikazunguka kimya kabisa, nikaanza kutafuta hela mfukoni. Bahati nzuri nilikuwa na mzee mmoja fundi, hakuhangaika na rangi wala mota, akafuta mafuta kwenye reli za kitanda, yaani lile umbo refu la chuma linalobeba mashine nzima, akapitisha ukucha taratibu kutoka upande wa mwisho kuja kwenye chaki, ile inayoshika chuma kikizunguka, kisha akaniambia weka na wewe. Nilipokaribia chaki ukucha ukagota kwenye kingazi. Hapo ndipo kareji, ile sehemu inayobeba kisu, inapokwenda na kurudi kila siku maana kazi nyingi ni fupi, kwa hiyo chuma kinaliwa hapo wakati kule mwisho kuko kama kulivyotoka kiwandani. Akakaza kareji ikiwa hapo palipoliwa ili isicheze, akaizungusha kuelekea mwisho, haikufika hata nusu ikakwama. “Hii imechoka mwanangu, twende.” Kunyoosha kitanda ni kazi ya kusaga upya, na gharama yake inaweza kuzidi bei ya mashine yenyewe, sasa kwa mtu mwenye bajeti kama yangu hapo umekwisha.

Hii yangu reli zilikuwa safi chini ya ule uchafu. Spindeli, ule mhimili unaozungusha chaki, tuliipima kwa dayo geji (kipimo chenye sindano kinachoonyesha mtikisiko mdogo) tukiweka ncha kwenye spindeli yenyewe, siyo kwenye chaki, kwa sababu chaki ya taya tatu iliyotumika sana inaweza kuyumba yenyewe ukaisingizia beringi. Tukanyanyua kwa mti pia kuona kama ina plei, yaani kulegea, sindano ikacheza kidogo sana.

Kilichoniumiza ni maneno ya muuzaji kwamba gia zote zipo, nikaamini bila kuhesabu. Skrubu ya kukatia nyuzi (kama zile za bolti) ya mashine hii ni ya inchi, na ili ukate nyuzi za milimita sawasawa unahitaji gia ya meno 127, maana inchi moja ni milimita 25.4 na 127 ukigawa kwa 5 unapata hiyo hiyo 25.4. Haikuwepo. Nimeitafuta miezi miwili mpaka nikachongesha, hela ambayo nilikuwa nimeitenga ya visu na dril chaki ikaishia huko. Kwa hiyo gia zitoe kwenye boksi, hesabu meno moja moja mbele ya muuzaji, na zile za ndani zungusha kwa mkono uangalie kama kuna meno yaliyovunjika.

Mota ilikuwa ya fezi tatu na mimi nina fezi moja, nikafunga inveta ya kuendeshea mota hiyo kwa umeme wa fezi moja, imetulia na sasa naongeza au kupunguza spidi bila kugusa mkanda.

Halafu kuna zile siku tatu za kwanza ambazo sitasahau. Nimeifunga sakafuni, nakereza chuma kinatoka kinene upande mmoja, chembamba upande mwingine, nikajua nimeuziwa kimeo, hata kula nikashindwa. Mzee alipokuja akaomba pimamaji tu. Sakafu yangu haikuwa sawa, na mimi nilivyokaza bolti nikakipinda kitanda. Tukalegeza, tukaweka vibati vyembamba chini ya mguu mmoja, tukajaribu, tukaongeza kimoja, mpaka chuma kikatoka sawa. Saa nne hivi za kazi.

Kwa sasa kinachobaki ni handeli ya kusogeza kisu, ina plei kama robo mzunguko. Nikikata narudi nyuma kidogo kwanza halafu naingia, na inafanya kazi. Nati yake mpya ya shaba nitaikereza mwenyewe kwenye mashine hii hii, shaba tayari ninayo.