Ofisi iliyoniandalia makaratasi ya PR (ukaazi wa kudumu) ya Kanada: nyota 3, na pesa ya mjomba ilivyotaka kuniponza

Jina la hii ofisi sitaji maana faili langu bado wanalo, ila naona watu wengi wanauliza kama pesa ya kupewa na ndugu inakubalika kwenye Express Entry (ule mfumo wa Kanada wa kuchagua wahamiaji kwa pointi, ambao unakutaka uonyeshe una pesa ya kuanzia maisha), basi nawapa maksi kwa hilo tu, mengine tutaongea siku nyingine.

Leseni wanayo, namba yao nliikuta kwenye rejista ya CICC ambao ndo wanasimamia makonsaltanti wa uhamiaji wa Kanada. Nliangalia kwa sababu kabla yao kuna ajenti aliniambia nisihangaike kuomba ndugu, ye ananiwekea dola kwenye akaunti, benki ikitoa barua anazichomoa, mi namkatia asilimia yake. Weee! Kanada pesa ya mkopo hawaitaki, na inatakiwa iwepo siku unatuma maombi mpaka siku unapewa viza, sa yeye akishazichomoa mi nabaki na nini? Wakigundua umedanganya unafungiwa miaka 5. Nkamblok.

Hawa walianza vizuri sana. Mi nlikua na kama dola 11,200 za Kanada za kwangu mwenyewe na nlishapiga hesabu ya kiwango cha chini cha mtu mmoja, dola 15,263 kwa viwango vya Julai 2025, maana waifu angebaki kwanza hadi nitulie, kwa hiyo mjomba alikua anipe elfu tano tu. Dada wa pale akaniuliza umeoa? Nkasema ndio ila hatuendi wote. Akacheka, akasema familia inahesabiwa hata wasiosafiri, ni watu wawili, dola 19,001. Yaani ningetuma vile vile ningekataliwa na pointi zangu zote. Hapo tu hela yao niliona imerudi.

Nkarudi kwa mjomba kichwa chini, akasema chukua elfu tisa, asante Mungu kiwanja kilishauzwa.

Sasa kuna barua ya zawadi. Wakanitumia mfano: nani anatoa, anampa nani, undugu wao, kiasi gani, tarehe gani, na sentensi muhimu kuliko zote kwamba hii ni zawadi na hairudishwi. Mjomba bwana, kwa mapenzi yake, akaona barua imekua kavu mno, akaongeza kwa chini kwa mkono wake "najua akishatulia huko atanirudishia pole pole". Hahaha jamani! Kwa sisi hayo ni maneno ya baraka tu, lakini ofisa akisoma pale anaona deni. Ile ofisi waliidaka siku hiyo hiyo wakairudisha, ikaandikwa upya ikapigwa muhuri wa wakili. Wakadai pia taarifa ya benki ya mjomba na mkataba wa mauzo ya kiwanja, kwa sababu kwake nako ile pesa ilionekana imetua ghafla, na bila mkataba ungebaki unajiuliza yeye kaipata wapi. Hapo nawapigia saluti.

Walikoboronga ni barua ya benki. Tawi langu lilinipa kikaratasi kina jina na salio basi, nkawatumia ofisini wakanijibu "inatosha, tunapandisha". Sikulala. Nkaingia mwenyewe kwenye maelekezo ya serikali ya Kanada nkakuta barua inatakiwa iwe kwenye karatasi rasmi ya benki yenye anwani, simu na imeili yao, jina lako, namba za akaunti, tarehe kila akaunti ilipofunguliwa, salio la sasa, wastani wa miezi 6, na madeni kama mkopo au kadi. Yangu ilikua na mawili tu! Kurudi benki kuelezana nao ikanila siku tisa, na Kanada wakishakualika kuomba una siku 60 tu za kutuma kila kitu.

Na barua mpya ilipotoka ndo nkaona shughuli yenyewe: salio 20,200, wastani 12,700 na kitu, kwa sababu pesa ya mjomba iliingia mwezi uliopita tu. Hapo panahitaji barua ya maelezo, unasema tarehe fulani niliwekewa 9,000, risiti ya muamala hii, barua ya zawadi hii, taarifa ya benki ya mjomba hii. Hawakuniambia. Niliiandika mwenyewe usiku, wao wakarekebisha koma wakaiita huduma, na kwenye bili ikatokea kama "uandishi wa maelezo". Nkabishana nao wiki nzima mpaka wakaitoa.

Kwa hiyo 3. Kwenye sheria wako makini, kwenye karatasi wavivu, na simu hawapokei baada ya saa kumi. Kama zawadi yako imekaa kwenye akaunti zaidi ya miezi 6 sioni hata kwa nini uwalipe.

Mimi faili limeshatumwa, nasubiri. Ile elfu tisa naiangalia tu kwenye akaunti siigusi, na mjomba kila Jumapili anapiga kuuliza kama bado ipo.