Rejeta mpya, maji yanapungua vilevile: gereji isiyotaka kupima presha

Kwanza niwape haki yao: rejeta waliyofunga imekaa vizuri, mipira imebanwa sawasawa, feni haigusi kitu. Mikono ya kufunga wanayo. Tatizo langu ni kwamba rejeta ya zamani haikuwa inavuja, na nimeilipia mpya pamoja na kazi ya kuifunga kwa sababu msimamizi alikataa kutumia kipimo cha presha ya mfumo wa maji kilichokuwa kinaning'inia ukutani nyuma yake.

Dalili nilimweleza moja moja. Tanki la akiba linashuka kutoka alama ya juu hadi ya chini ndani ya wiki hivi. Chini ya gari hakuna tone. Ukizima injini ikiwa ya moto, kuna harufu tamutamu upande wa nyuma wa injini. Geji ya joto iko katikati, haijawahi kupanda. Kwenye gari la zamani, dalili hizo zikikaa pamoja unashuku kwanza tundu dogo linalodondoshea chuma cha moto, maji yakakauka kabla hayajafika sakafuni. Yeye akainama, akaona doa jeupe pale tanki la plastiki la rejeta linapobanwa na aluminiamu, akasema rejeta imekwisha. Hakufikisha hata dakika moja.

Doa linaonyesha kwamba maji yaliwahi kupita pale, basi. Linaweza kuwa la miaka. Unalifuta kwa kitambaa chenye maji, unakausha, ndipo unapima. Injini ikiwa baridi kabisa, unatoa mfuniko wa rejeta, unafunga kipimo cha presha mahali pake, unapampu hadi namba iliyoandikwa juu ya mfuniko: mingi ni 0.9 au 1.1 bar. Usizidishe hapo, utapasua kitu kizima. Unasubiri dakika kumi hadi kumi na tano huku ukiangalia mshale. Ukitulia, mfumo hauvuji, au unavuja ukiwa wa moto tu; hapo unapasha injini na kurudia. Ukishuka, unachukua tochi na kioo kidogo na kuanza kutafuta. Na mfuniko wenyewe unapimwa kwa kifaa hichohicho, kwa sababu springi ikichoka au mpira wake ukikauka, maji yanatoka kabla ya presha kufika na unaweza kubadilisha nusu ya mfumo bila kupona.

Nilipomwomba apime, jibu lilikuwa, "Bosi, gari limezeeka hili, usitufundishe kazi." Mbele ya wateja wengine.

Sawa. Rejeta ikabadilishwa. Siku chache baadaye tanki likashuka kwa mwendo uleule. Niliporudi sikupewa pole wala kipimo. Nikaambiwa sasa ni gasketi ya hedi (kizibo kilicho chini ya kile kipande cha juu cha injini), niache gari wafungue injini. Hapo ndipo uvumilivu uliponiishia, kwa sababu kazi ya hedi si kubadilisha gasketi peke yake. Hedi inapelekwa kukaguliwa kama imepinda na kusawazishwa, bolti zake kwenye injini nyingi zinatakiwa mpya kwa kuwa zinavutika zikikazwa, unamwaga oili na kulanti (maji ya kupoozea injini) yote, na malipo ya saa za kazi yanazidi bei ya vipuri. Mtu anayekuambia hedi lazima akuonyeshe kitu. Oili ilikuwa safi, haina rangi ya chai ya maziwa. Hakukuwa na moshi mweupe unaoendelea baada ya injini kupata moto, wala mapovu yanayopanda mfululizo kwenye mdomo wa rejeta. Kuna kile kipimo cha maji ya bluu: unavuta hewa ya juu ya kulanti ipite ndani yake injini ikiwa inaunguruma, na kama gesi ya silinda imo, bluu inageuka kuwa njano. Ni kazi ya dakika chache. Hakutaka hata kukisikia.

Aliyetatua ni kijana msaidizi. Msimamizi alipokwenda kula, kijana alishusha kipimo ukutani, akafuta vumbi, akapampu hadi 1.1. Ndani ya dakika tano mshale ulikuwa kwenye 0.7. Rejeta mpya kavu, pampu ya maji kavu (aliangalia kile kitundu cha chini yake, ambako maji huchuruzika sili ya ndani ikifa), zulia la abiria kavu, kwa hiyo rejeta ndogo ya hita pia ni nzima. Halafu akapeleka tochi nyuma ya injini, kwenye mipira ya hita inayoingia ndani ya gari. Pale kuna kiungio cha plastiki chenye umbo la T. Kwenye shingo yake, chini ya klempu, palikuwa na ukoko wa waridi, na juu ya ukoko tone moja likijaa polepole, likaanguka juu ya gia boksi. Alipolegeza klempu, shingo ilimeguka mkononi kama mkate mkavu. Plastiki ikishapikwa na joto miaka mingi huwa hivyo. Kipande chenyewe ni kidogo kuliko kidole gumba, na dawa yake ni T mpya, afadhali ya shaba, klempu tatu mpya, na kukata ncha za mipira zilizoganda.

Nilipoanza kuandika nilifikiria nyota tatu kwa ajili ya kijana huyu. Halafu nikasoma tena risiti. Wamenitoza "uchunguzi" mara mbili, na hakuna uliofanyika. Rejeta ya zamani niliiomba, nikaambiwa imeshatupwa. Na kulanti waliyodai ni mpya ilikuwa maji ya bomba yaliyotiwa rangi kidogo. Mchanganyiko wa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa hauonekani hivyo. Maji matupu yanachemka mapema, yanaacha magadi kwenye njia nyembamba na yanakula aluminiamu ya hedi ileile waliyotaka kuifungua. Imebidi mfumo umwagwe upya, ujazwe hita ikiwa kwenye moto wa mwisho, na hewa itolewe mpaka bomba la hita lipate moto sawasawa.

Nyota moja, na hiyo ni ya kijana. Ukilazimika kwenda, patana kwanza kwamba ada ya uchunguzi ni ya kipimo cha presha unachokiona kwa macho yako, na kwamba itakatwa kwenye bili ya matengenezo. Andikisha kwamba vipuri vya zamani ni vyako. Mimi fedha ya kufunga ile rejeta bado naidai.