Fulana za sufu ya merino kwa msasi wa kukaa: uzoefu wangu wa misimu miwili

Kwa misimu miwili mfululizo nimefuatana na shemeji yangu, mume wa dada yangu mkubwa anayeishi Norwei kwa miaka mingi, kwenda usasi wa elgi, mnyama wa jamii ya kulungu, katika misitu ya Trysil, karibu na mpaka wa Uswidi. Katika misimu hiyo nimevaa seti nne za nguo za ndani zilizouzwa kwa jina la sufu ya kondoo wa merino. Mbili nazisifu, moja naivumilia, na moja nimekwisha kuigeuza tambara. Nayaandika haya kwa ajili ya Wazanzibari wenzangu wanaoitwa na jamaa zao kule kwenye baridi, kisha wakachagua nguo kwa kuiminya kwa vidole kama wanaochagua mashuka.

Mimi ni mtu wa Makunduchi, na usasi nilioujua tangu utotoni ni wa kufuata mbwa. Wasasi huingia porini kwa makelele kumfurusha nguruwe-mwitu anayewamalizia watu mihogo, na mtu hukimbia mpaka shati likamganda mgongoni, wala halimdhuru, kwa sababu jua litalikausha kabla hajafika nyumbani. Usasi wa elgi hauko hivyo kabisa. Msimu hufunguliwa tarehe 25 Septemba, na kikundi hugawanyika: mmoja huingia na mbwa wake, na waliobaki hukaa kila mtu mahali alipopangiwa, kimya, saa mbili, saa tatu, pengine nne. Dume la elgi huweza kuzidi kilo 400. Macho yake si makali, lakini pua na masikio yake usiyafanyie mzaha. Shemeji amefaulu mtihani wa usasi unaotakiwa na sheria ya huko, kwa hiyo bunduki ilikuwa yake, nami nilibeba chai, kamba na begi.

Kabla ya kununua chochote, basi, hesabu utatembea dakika ngapi mpaka ufike pa kukaa. Mimi sikuhesabu. Niliogopa baridi, nikanunua fulana na suruali nzito kuliko zote zilizokuwapo, za gramu 250 kwa mita moja ya mraba, nikaamini kwamba mzito ndiye mshindi. Asubuhi ya kwanza kipimajoto cha gari kilionesha nyuzijoto 6 chini ya sifuri. Tulipanda kilima kwa dakika arubaini, nami, kwa mwili uliozoea joto la Unguja, nilifika juu nimelowa kama niliyetoka kuchokoa pweza. Sufu ina sifa ya kunyonya unyevu unaokaribia theluthi ya uzito wake kabla mvaaji hajahisi kuwa imelowa, tena hutoa joto kidogo inapounyonya, na kwa nusu saa ya kwanza nilijiona mjanja. Lakini kila chombo kina ujazo wake. Fulana ilijaa, unene wake ukaifanya ichelewe kukauka, na ilipofika saa ya pili ya kukaa nilikuwa natetemeka mpaka shemeji akaniashiria kwa mkono nitulie, maana begi lilikuwa linagonga mti.

Mwaka uliofuata nilinunua fulana mbili nyembamba za gramu 150 badala ya moja nene, na hapo ndipo nilipoielewa nguo hii. Nilipanda kilima nikiwa na moja tu ndani ya koti lililofunguliwa zipu, huku nikiona baridi kidogo, na hiyo ndiyo hali inayotakiwa. Nyingine ilikuwa ndani ya begi, imefungwa katika mfuko wa plastiki. Nilipofika niliacha mvuke unitoke kwa dakika kama kumi, nikaivua iliyolowa, nikavaa kavu, na iliyolowa nikaikung'uta na kuirudisha juu ya ile kavu, ambako iliendelea kukauka polepole kwa joto la mwili. Kwa nyuzijoto zilezile nilikaa saa tatu na nusu bila kutetemeka. Kwa msasi wa kukaa anayetoka nchi za joto, naona hakuna mpango mwingine unaoushinda huu, hata kama muuzaji atamsisitizia fulana nene yenye bei kubwa. Suruali ni jambo jingine: miguu haitoki jasho kama mgongo, na ile ya gramu 250 naivaa hadi leo.

Kipimo cha pili, ambacho mara nyingi hakiandikwi mbele ya pakiti, ni unene wa unyoya wenyewe, unaohesabiwa kwa mikroni, yaani sehemu ya elfu ya milimita. Unywele wa mtu kwa kawaida huwa wa mikroni 50 hadi 100. Sufu ikikaribia 30 ncha zake huchoma ngozi, na ndiyo sababu watu wengi wakisikia neno sufu huanza kujikuna kabla hawajaigusa. Fulana nzuri ya kugusa ngozi huwa ya mikroni 17 hadi 19. Zangu nyembamba ni za 18.5 na sijapata kuwashwa. Ile nene ni ya 21, na jasho likikauka shingoni huanza kunisumbua.

Sasa niiseme hiyo iliyogeuka tambara. Niliinunua kabla ya safari katika duka moja mjini, nje ya pakiti kuna picha ya kondoo na neno merino kwa herufi kubwa, nami sikugeuza mshono kusoma lebo. Nilipoisoma nilikuwa tayari msituni: sufu asilimia 20, iliyobaki akriliki, yaani nyuzi za kutengenezwa kiwandani. Siku ya pili ilinuka kiasi ambacho shemeji, ambaye si mtu wa maneno mengi, alinihamishia upande ambao upepo hautampelekea mnyama harufu. Sufu halisi haiachii harufu ya jasho upesi hivyo. Moja ya zile nyembamba niliivaa siku tano na dada hakulalamika, naye hulalamika. Lakini asitishike mtu akiona nailoni ya asilimia 10 au 15, kwa sababu hiyo hutiwa makusudi ili kitambaa chembamba kisitoboke haraka mabegani chini ya mikanda ya begi.

Seti ya nne ilinichekesha. Ni fulana ya wavu, matundu matupu, inayovaliwa chini ya fulana nyingine ili hewa ikae ndani ya matundu na jasho lipite. Asili yake ni afisa wa jeshi la Norwei, Henrik Brun, ambaye mwaka 1933 alishona fulana kwa nyavu kuukuu za kuvulia samaki. Nilipomsimulia baba, aliyevua Kizimkazi maisha yake yote, aliniuliza kama huyo bwana alikuwa amekosa kazi. Ya kwangu imefumwa kwa sufu na inafanya kazi vizuri ajabu wakati wa kupanda kilima, ila huacha alama za vishimo mabegani.

Kwetu sisi kuna jambo ambalo maelezo ya wauzaji hayataligusa, nalo ni udhu. Mkono wa fulana hauna budi kupanda mpaka juu ya kiwiko na kukaa huko bila kushikiliwa, kwa maji ya kijito yanayokaribia kuganda. Vifundo vya mikono vinavyobana sana, na vile vyenye tundu la kupitishia kidole gumba, vilinipa taabu kila adhuhuri. Chagua vyenye kunyumbulika. Ukosi mrefu wenye zipu fupi nao una faida, kwa kuwa unafungua kifua ukitembea na kukifunika ukikaa.

Kwenye moto wa kuchemshia chai nilijifunza jingine. Cheche iliyoangukia koti la shemeji la poliesta iliyeyusha tundu papo hapo, na iliyoangukia mkono wa fulana yangu iliungua kidogo ikazimika yenyewe. Tena sufu haichakarishi, na mbele ya masikio ya elgi hilo si dogo.

Tatizo kubwa limenikuta nyumbani Unguja. Nondo wa nguo hutaga mayai katika sufu, na viwavi vyake huila, hasa penye madoa ya jasho. Baada ya msimu wa kwanza niliikunja fulana ya wavu kabatini pamoja na kiganja cha karafuu, kwa kuwa hivyo ndivyo tulivyolelewa. Miezi minne baadaye nilikuta karafuu zinanukia vizuri na fulana imeongezewa matundu ambayo Brun hakuyakusudia. Siku hizi nafua kwa maji baridi na sabuni ya sufu, kwani sabuni za unga zenye vimeng'enya vya kula protini huila sufu pia; naitandaza kivulini juu ya mkeka bila kuitundika, na ikikauka kabisa naifunga katika mfuko usiopitisha hewa na kuiweka kwenye friza kwa wiki moja kabla ya kuihifadhi. Fulana moja huwa naibakisha nje kwa ajili ya kipupwe, kwa sababu ndani ya boti ya dagaa usiku, upepo wa kusi ukivuma na maji yakirukia, hata nyuzijoto 22 humtia mtu kijibaridi.

Friza lenyewe ni la mama. Juzi aliniita kwa sauti ya kutaka maelezo, ameshika mfuko mmoja juu ya changu na jodari wa wiki nzima, akaniuliza kama hii nayo ni kitoweo au aitupe.