J-1 au H-1B kwa mwalimu wa Uganda anayetaka kufundisha Marekani

Cheti cha Grade III (cheti cha ualimu wa shule za msingi Uganda) au diploma pekee havitoshi. Njia zote mbili zinadai digrii. J-1, viza ya kubadilishana walimu, inataka pia uzoefu wa miaka 2 wa kufundisha na, kwa kawaida, uwe bado kazini Uganda. Ukijiuzulu mapema ili “kujiandaa”, unaweza kujifungia mlango. Mfadhili, yaani shirika lililoidhinishwa na serikali ya Marekani kuendesha programu hii, hukutolea fomu DS-2019, inayothibitisha kuwa umekidhi masharti ya J-1, kabla ya usaili ubalozini Kampala, na huko uoneshe kwamba utarudi: ardhi, familia, barua ya likizo kutoka kwa mwajiri. Muda ni miaka 3, huongezwa 1 au 2.

H-1B, viza ya kazi za kitaalamu, haidai ushahidi wa kurudi, na hufika miaka 6. Ila mwombaji ni mwajiri, shule nyingi huingia bahati nasibu ya Machi ya kugawa nafasi chache za viza hiyo, na agizo la Rais Trump la Septemba 2025 liliweka ada ya dola 100,000 kwa maombi mapya ya walio nje. Shule zitakazoilipa ni chache mno.