Emuleta za Race Tech kwenye SV650 iliyotumika: zinatibu nini, zinaacha nini

Pikipiki ya Suzuki SV650 ilipotoka mwaka 1999 ilisifiwa kwa injini yake ya V na wepesi wa fremu, na sifa hizo haijazipoteza. Mahali ilipobana matumizi ni kwenye shokapu. Za mbele zina bomba la milimita 41, lakini ndani hamna katriji, yaani kifaa chenye valvu za kudhibiti mwendo wa oili, ni fimbo yenye matundu tu. Ya nyuma unarekebisha mkandamizo wa springi, basi. Pikipiki ikiwa mpya na dereva mwepesi, mambo yanakwenda. Ikishapita mikono mitatu bila oili ya mbele kubadilishwa, ukishika breki pua inapiga mbizi, na ukigonga ukingo mkali wa lami usukani unakupiga viganja. Inakuwa laini na ngumu kwa wakati mmoja, na hapo ndipo wengi wanaponunua kifaa kisichohitajika.

Emuleta ya kampuni ya Race Tech, kwa jina lake kamili Gold Valve Cartridge Emulator, ni valvu inayoigiza katriji, na imetengenezwa kwa tatizo hilo hilo. Ni kifaa kizuri kwa kazi moja. Anayeinunua akitegemea imalizie kila kasoro ya pikipiki iliyochoka, pesa yake itapotea.

Oili inapopita kwenye tundu lisilobadilika ukubwa, ukinzani wake unapanda kwa mraba wa kasi: kasi ikiwa mara mbili, ukinzani ni karibu mara nne. Pua inapozama polepole kwa breki, oili inateleza bila kizuizi cha maana. Tairi likigonga kitu ghafla, oili yote inataka kupita kwa mkupuo mmoja na shokapu inakuwa kama gogo. Emuleta inakaa juu ya fimbo, ikishikiliwa na springi kuu. Mwendo mdogo wa oili unapita kwenye vitundu vyembamba vya sahani yake, na kishindo kikija sahani inanyanyuka dhidi ya kispringi kidogo na kuachia njia. Kukaza au kulegeza kispringi hicho ndiko kunakoamua inyanyuke mapema au ichelewe.

Kabla ya kufungua sanduku, kagua pikipiki. Inyanyue gurudumu la mbele lisiguse chini, kisha zungusha usukani polepole kutoka kushoto kwenda kulia. Ukikwama kidogo katikati kabisa, kama unaoingia kwenye kishimo, beringi za shingo zimekwisha na hakuna valvu itakayoifanya pikipiki hiyo iende moja kwa moja. Shika miguu ya shokapu kwa chini uvute na kusukuma, usikilize mgongano. Nyuma, kamata mkono unaobeba gurudumu uuyumbishe kando. Ukicheza, huko ndiko kunakotoka kule kuyumba kwa mawimbi kwenye mwendo mkali. Angalia tairi pia. Tairi la nyuma lililolika katikati likawa bapa linaifanya pikipiki igome kulala kwenye kona, halafu ianguke ghafla. Tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT iliyo ubavuni mwa tairi zinakupa wiki na mwaka wa kutengenezwa: 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Upepo wa kiwandani kwa SV650 ni psi 33 mbele na 36 nyuma, na lawama nyingi zinazotupiwa shokapu huishia hapo kwenye geji.

Sasa springi. Emuleta huuzwa peke yake, na wapo wanaoinunua bila springi ili kuokoa pesa. Sishauri. Springi za mbele za kiwandani zina ugumu wa karibu kilo 0.7 kwa milimita, na zimechaguliwa kwa mtu mwepesi. Dereva wa kilo 70 hadi 80 pamoja na mavazi yake anafaa kuanzia 0.85, wa kilo 80 hadi 90 achukue 0.90; anayezidi hapo 0.95. Kama mfuko unaruhusu kimoja tu kwa sasa, anza na springi na oili mpya. Nusu ya faida, pengine zaidi, iko hapo. Na lisichanganywe jambo moja: kuongeza mkandamizo wa awali, yaani kuibana springi kabla haijabeba uzito, hakuifanyi springi kuwa ngumu. Kunainua pikipiki tu.

Kufunga ndiko kunakotenganisha fundi na mbahatishaji, kwa sababu lazima fimbo za ndani zitolewe na zitobolewe. Bolti ya eleni iliyo chini ya mguu ina tabia ya kuzunguka pamoja na fimbo. Ilegeze kabla ya kutoa springi, huku mwenzako akiukandamiza mguu, au tumia mashine ya upepo. Oili itakayomwagika kwenye shokapu iliyosahaulika haifanani na oili: ni ya kijivu, nzito, inametameta kwa unga wa chuma, na chini ya mguu imeacha tope linalotaka kukwanguliwa kwa kitambaa kilichofungwa kwenye kijiti. Hapo hapo tazama bushi, zile pete ambazo bomba linateleza juu yake. Utando wake wa kijivu ukiwa umelika hadi shaba inaonekana, badilisha pamoja na sili. Kubadilisha sili peke yake juu ya bushi iliyokwisha ni kujiandalia kuvuja upya, maana bomba linacheza na sili inatanuliwa upande mmoja.

Matundu ya chini ya fimbo yanapanuliwa hadi milimita 8, na yanatakiwa yafike angalau sita kwa kila fimbo. Yapangwe jozi jozi, kila jozi ikikatiza ile ya jirani kwa nyuzi 90, katikati ya tundu hadi katikati ya lingine juu yake kuwe na milimita 10 au zaidi, la sivyo fimbo inadhoofika. Lengo ni matundu hayo yasiwe kizuizi tena, kazi ifanywe na valvu. Kosa linaloharibu kila kitu ni kutoboa vitundu vidogo vya juu, karibu na pete. Hivyo vinadhibiti shokapu inaporudi. Ukivipanua, itaruka kama mpira na dawa yake ni kununua fimbo nyingine. Baada ya kutoboa, piga tupa ndani na nje mpaka kidole kisihisi ukali wowote, kisha osha mara mbili. Kazi hii hairudi nyuma, kwa hiyo mwenye fimbo za akiba atoboe hizo.

Bomba la kati, lile linalokaa juu ya springi, lazima likatwe upya kwa sababu emuleta imeongeza urefu. Usifuate kipimo cha mtu mwingine. Vuta shokapu hadi mwisho, weka emuleta, springi na washa, pima kutoka juu ya washa hadi ukingo wa juu wa bomba la shokapu, lile la milimita 41, toa kina ambacho kifuniko kinaingia ndani, kisha ongeza milimita 15 za mkandamizo. Kata kidogo kidogo na kwa unyoofu. Ukingo ulioenda mshazari unaisukuma springi ikwaruze bomba. Bomba la PVC nene hufaa likiwekewa washa za chuma pande zote mbili.

Oili inayopendekezwa ni ya namba 15, na wengi hushangaa mbona nzito hivyo. Sababu ni kwamba emuleta inashughulikia kuzama tu. Kurudi juu bado kunategemea vitundu vya fimbo na uzito wa oili. Pima kimo chake shokapu ikiwa imezamishwa kabisa, springi ikiwa nje na emuleta ikiwa mahali pake, baada ya kupampu mpaka hewa iishe: milimita 130 kutoka juu ni pa kuanzia. Kwenye mfululizo wa matuta madogo, pikipiki ikiendelea kushuka bila kupata nafasi ya kurudi, oili ni nzito mno. Changanya na ya namba 10. Namba hizo hazilingani kati ya kampuni na kampuni, hivyo baki na chapa moja.

Kispringi cha valvu anza na mizunguko miwili. Na hapa ndipo penye kasoro kubwa ya bidhaa hii: hakuna skrubu ya nje. Kuongeza nusu mzunguko ni kufungua kifuniko, kutoa springi na kuivua emuleta kutoka kwenye oili kwa ndoano ya waya. Katriji kamili ingekupa marekebisho hayo kwa bisibisi ukiwa kando ya barabara, ila kwa gharama kubwa zaidi. Kwa hiyo badilisha kitu kimoja kwa wakati na uandike. Viganja vikipigwa kwenye mashimo, punguza nusu mzunguko. Pua ikizama haraka mno mwanzoni mwa breki na springi ni sahihi, ongeza nusu. Wanaofika mizunguko minne wakiwa barabarani, kwa kawaida wanajaribu kuficha springi laini.

Ukirudisha gurudumu, usikaze bolti ndogo za ekseli mapema. Kaza ekseli yenyewe, shusha pikipiki, pampu mbele mara kadhaa kwa breki, miguu ijipange, ndipo uzikaze. Ukiruka hatua hii miguu inabanana na utailaumu valvu bure. Kisha pima kuzama kwa uzito: dereva akiwa amekaa na mavazi yake, mbele pazame milimita 30 hadi 35. Pima mara ya kwanza baada ya kuinua na kuachia taratibu, mara ya pili baada ya kukandamiza na kuachia, uchukue wastani. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ikiwa kubwa, kuna msuguano, rudi kwenye bushi na ekseli.

Matokeo yakiwa sawa, breki zinakuwa na adabu na ukingo wa lami unapita chini yako bila ugomvi. Kisha unagundua nyuma. Shokapu ya nyuma ya kiwandani, ambayo ilikuwa imejificha nyuma ya ubovu wa mbele, sasa inapwaya katikati ya kona na pikipiki inapanuka kwenda nje unapofungua mafuta. Mafundi wengi wa SV650 hufunga shokapu ya nyuma iliyotumika ya GSX-R, kwa sababu ina marekebisho ya kuzama na kurudi. Ni njia nzuri, ila linganisha urefu wake na ya zamani na ugumu wa springi na uzito wako kabla ya kulipa. Nyuma ikiinuka, shingo inasimama zaidi na usukani unakuwa mwepesi, hata wa wasiwasi kwenye mwendo mkali. Ikitokea hivyo, shusha miguu ya mbele kwenye vibano vyake ili pua inyanyuke, milimita 5 kwa wakati. Anayetaka kinyume, yaani pua ishuke, azamishe kwanza shokapu bila springi na kuhakikisha kwamba tairi na madigadi havifiki kwenye rejeta.