Jarida la milima au katalogi ya viatu?

Mgeni wangu Mmarekani aliniachia jarida hili tulipoagana geti la Mweka, tunakoshukia kutoka Kilimanjaro. Karatasi nzito inayong'aa, kurasa 96. Nililisoma jioni hiyohiyo miguu ikiwa kwenye beseni la maji ya chumvi. Nikahesabu: kurasa 44 ni matangazo matupu, na hapo sijagusa zile "makala" zinazojifanya habari.

Ukurasa wa 31 wanasifia buti fulani, nyota tano. Funua: buti zilezile, tangazo ukurasa mzima. Jamani! Kasoro hata moja haikutajwa. Mimi nimeziona za aina hiyo zikibanduka soli kambi ya Barafu, tukazifunga kwa kamba ya hema hadi kilele cha Uhuru, mita 5,895.

Mwaka 2011 Patagonia, kampuni ya mavazi ya milimani, walilipia tangazo kwenye gazeti la New York Times lililosema watu wasinunue koti lao. Humu hata utani wa namna hiyo haumo.

Picha ya Kilimanjaro ipo, nzuri kweli. Ila mpagazi, sisi humwita mgumu, kakatwa nusu na mzigo wake kichwani, ili nembo ya koti la mgeni ionekane vizuri.

Makala ya ugonjwa wa mwinuko, kurasa tatu, imeandikwa na mtu anayejua: kichwa kikiuma na kutapika kukianza, usipande zaidi, ukizidiwa, shuka. Hiyo nimeikata nikaibandika ofisini.

Bei kwenye jalada ni dola 9. Naongeza kidogo, napata buti za mtumba pale soko la Memorial, Moshi. Nyota mbili.